Nimemfunga chura wa matairi sita kijiko cha kupakia udongo, sasa nawaza mkono wa kuchimbia: njooni tujadili

#1 TopeMagotini (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka ashuke moja kwa moja kwenye maswali.

Nina gari dogo la majini na nchi kavu, matairi sita, lile lisilo na usukani wa duara. Ukivuta mkono wa kushoto linakata kushoto, ukivuta wa kulia linakata kulia. Tunamwita chura na humu nitamwita hivyohivyo. Kazi yake ni bwawa na mifereji: kuvuka na nyavu, kuvuta magogo kwa winchi, kukagua kingo. Mdomo wa mfereji umejaa tope, trekta haifiki, na ikifika inanasa. Chura anafika bila wasiwasi. Nikajisemea, anayefika ndiye afanye kazi.

Nikachomelea mikono miwili ya bomba la mraba na kijiko cha bati la milimita 4. Silinda mbili za kunyanyua, moja ya kukunja, pampu ya umeme ya volti 12, aina ile inayoinua tela za kumwaga mchanga. Kijiko nilikipima baadaye kwa ndoo za maji: lita 180. Tamaa.

Udongo mkavu, nusu kijiko, alinyanyua vizuri nikaita watu waje kuona. Mfinyanzi uliolowa, kijiko kizima, nikabonyeza kitufe. Kijiko kikabaki palepale, mkia wa chura ndio ukapanda. Nikajikuta nimening'inia kwenye kiti natazama ardhi kama mtu anayetaka kusujudu. Wale niliowaita walikuwa bado wapo.

Siku ya pili nikamwingiza majini, kijiko kitupu kabisa. Pua ikazama kwanza, maji yakapita juu ya ukingo wa mbele, nikarudi kwa kuvutwa na kamba.

Maswali:
1. Nikiweka chuma nyuma kusawazisha, kiasi gani?
2. Nikifunga mkono wa kuchimbia nyuma, si utakuwa wenyewe ndio uzito wa kusawazisha? Nipate mawili kwa mpigo mmoja.

Naomba kuwasilisha.

---

#2 Msafiri wa Tairi

Hapo pa kusujudu nimecheka hadi nimeulizwa kuna nini. Pole mkuu. Nakaa hapa nasubiri mafundi.

---

#3 Mzani

Mkuu Tope, kabla ya chuma, chukua futi ya kupimia. Nipe vitu vinne: uzito wa chura na wewe ndani yake, umbali kutoka ekseli ya mbele kurudi hadi pale uzito wote unapokaa sawa (mnyanyue kwa jeki moja chini ya fremu, sogeza jeki hadi abaki sawa bila kuinama mbele wala nyuma, na awepo mtu wa kumshika pande zote asilale), uzito wa mikono na kijiko kitupu, na umbali kutoka ekseli ya mbele kwenda hadi katikati ya kijiko.

Ekseli ya mbele ndiyo kitovu cha bembea. Huku kuna chura na wewe, kule kuna kijiko. Hayo mengine yote ni mapambo.

---

#4 TopeMagotini

Nimepima leo. Chura na mimi kilo 530. Uzito unakaa sentimita 70 nyuma ya ekseli ya mbele. Mikono na kijiko kitupu kilo 90, na uzito wake uko kama nusu meta mbele ya ekseli. Katikati ya kijiko ni meta 1 kamili mbele.

---

#5 Mzani

Haya, tuzidishe. Upande wa nyuma: 530 mara 0.7 ni 371. Mikono mitupu imeshakula 90 mara 0.5, yaani 45. Imebaki 326. Kijiko kiko meta 1 mbele, kwa hiyo ukitia kilo 326 ndani yake, matairi ya nyuma hayana kazi tena.

Sasa mfinyanzi uliolowa ni kama kilo 1.8 kwa lita. Lita 180 mara 1.8 ni kilo 324. Mkuu, hukukosea kidogo. Umetengeneza kijiko chenye ujazo uleule wa kukupindua, kwa kilo mbili tu za tofauti. Ungetafuta makusudi usingepata.

Na usiseme basi nitaweka 300. Mashine ndogo za kupakia zinazogeuka kwa kuburuza matairi, mzigo wake wa kazi unaandikwa nusu ya ule wa kupindua. Zile za minyororo ni asilimia 35. Wanafanya hivyo kwa sababu mashine haifanyi kazi kwenye sakafu ya karakana. Inashuka mteremko, inafunga breki, mzigo unaruka. Kwako nusu ni kilo 163. Kwa mfinyanzi wa aina hiyo ni lita 90. Kata kijiko chako katikati.

Tena mimi ningeshuka zaidi, lita 70, kwa sababu ya matairi yako. Subiri nitarudi.

---

#6 GrisiNyeusi

Mzani kasema ukweli, mimi naongeza upande wa haidroliki, yaani mafuta ya presha yanayosukuma silinda. Mkuu, silinda zako kipenyo gani na presha ya pampu ngapi? Na silinda imeshika mkono umbali gani kutoka kwenye pini?

---

#7 TopeMagotini

Kipenyo milimita 40, mbili. Pampu imeandikwa baa 140, lita 8 kwa dakika. Silinda imeshika sentimita 20 kutoka kwenye pini, kijiko kiko sentimita 150 kutoka pini hiyohiyo.

---

#8 GrisiNyeusi

Sawa. Silinda ya milimita 40 ina eneo la sentimita za mraba 12.6. Kwa baa 140 inasukuma karibu kilo 1,790. Mbili ni kama 3,590. Gawa kwa 7.5, yaani 150 kwa 20, unapata kama kilo 478 pale kwenye kijiko, ukiondoa uzito wa mikono yenyewe na pembe ya silinda isiyo nzuri.

Unaona ilipo hitilafu? Pampu ina nguvu kuliko uzito wa gari. Watu wengi wanahangaika kuongeza nguvu ya kunyanyua, wakati kwa chura nguvu ni ya kupunguza. Legeza valvu ya usalama ishuke hadi baa 80 au 90. Ukijaza kupita kiasi, pampu ilalamike na kijiko kibaki chini, wewe ubaki umekaa sawa. Ila usiitegemee hiyo valvu kwa kila kitu. Inazuia pampu kunyanyua kupita kiasi, haizuii mzigo uliokwisha nyanyuliwa kukupindua ukifunga breki au ukishusha haraka na kusimamisha ghafla.

Jambo la pili, umeme. Lita 8 kwa baa 140 ni karibu kilowati 1.9. Kwa volti 12, na hasara za mota, pampu inavuta zaidi ya ampea 200. Injini hizi ndogo mara nyingi zinachaji kama ampea 20. Dakika moja ya kunyanyua inataka dakika kumi za kurudisha. Ndiyo maana pampu za tela zinaandikwa ni za kazi ya vipindi: unamwaga mara moja, unaondoka. Wewe unataka kuzoa tope saa nzima. Betri itakufa au mota itaungua, yoyote itakayotangulia. Kushusha presha hadi 90 kunasaidia pia hapo, maana umeme unaovutwa unafuata presha.

Suluhisho la kudumu ni pampu inayozungushwa na injini kwa puli na mkanda wake. Hapo kazi ni kupata nafasi na kulinda mkanda usilowe.

Na la tatu, naliandika peke yake: ukiona paipu inavuja kauzi kembamba, USIPAPASE KWA KIDOLE. Mafuta ya presha yanapenya ngozi kama sindano. Kidonda kinaonekana kadogo, hakiumi sana mwanzoni, na mtu anaweza kukatwa mkono. Ni kukimbilia hospitali saa hiyohiyo na kuwaambia ni mafuta ya haidroliki yameingia. Kuvuja tafuta kwa kipande cha kadibodi.

---

#9 Mzani

Nimerudi na matairi. Vyura hawana springi wala shokapu, tairi ndiyo shokapu. Ndiyo maana zinajazwa upepo kidogo sana, psi 2 au 3 hivi, na ndiyo maana unapita topeni bila kuacha mtaro. Ukibebesha kijiko, tairi za mbele zinakaa. Pua inashuka, kijiko kinasogea mbele na chini, na hesabu yangu ya 326 inapungua bila wewe kuongeza hata koleo moja.

Kuna la ndani zaidi ambalo wengi hawalioni hadi cheni ikatike. Tairi tatu za upande mmoja zimefungwa pamoja kwa cheni, lazima zizunguke sawasawa. Tairi iliyokaa inakuwa kama tairi ndogo. Ya mbele ndogo, ya nyuma kubwa, zote zinalazimishwa mzunguko mmoja: moja lazima iteleze. Topeni inateleza bure. Kwenye ardhi ngumu yenye kushika, cheni, beringi na ekseli ndizo zinazolipa.

Ongeza upepo unapofanya kazi ya kijiko, tairi zote sita ziwe sawa, na usivuke kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Ukimaliza rudisha.

---

#10 Bwana Gavana

Mimi niulize swali la kuudhi. Kwa nini usitafute mashine iliyozaliwa kwa kazi hii? Mashine ndogo ya kupakia ilianza kwa ndugu wawili wa Minnesota, Cyril na Louis Keller, mwaka 1957, walipotengenezea mfugaji wa batamzinga kitu cha kusafishia banda. Ilikuwa na tairi tatu, fupi, inajigeuza palepale. Ndiyo iliyozaa mashine za chapa ya Bobcat. Hizo mpaka leo, zikiwa tupu, uzito umelala nyuma, zikibeba unahamia mbele. Zimepangwa hivyo tangu mchoro wa kwanza. Na za majini zipo: Truxor ya Sweden inaelea juu ya maboya yenye mikanda, inafungwa kijiko, reki, vikata matete. Chura alitengenezwa abebe watu na mizigo yao. Unamlazimisha.

---

#11 TopeMagotini

Mkuu Gavana, nakubali yote. Ila chura ninaye, Truxor sina. Uzi ungekuwa mfupi sana.

---

#12 FundiCheni

Hahaa, Tope kamaliza.

Mimi nimemfunga wangu blade ya kusukumia tu, miaka kadhaa sasa. Inanyanyuliwa na winchi ya mbele, kamba inapita kwenye puli, basi. Hakuna mafuta wala silinda. Uzito wake hauning'inii mbali, na ukisukuma tope linakaa chini, halipandi hewani kukupindua. Kama kazi ni kufungua mdomo wa mfereji, jiulize kama kweli unahitaji kunyanyua au unahitaji kusogeza tu.

Lakini nilijifunza kwa kuunguza. Vyura wengi wanapeleka nguvu kwa mkanda wa raba unaopanda na kushuka kwenye puli mbili. Mkanda huo unapenda kukimbia. Ukiusukumisha mzigo mzito huku gari linatambaa, unateleza kwenye puli, unapata moto, unanuka, unakatika. Wa kwanza ulinifia ndani ya asubuhi moja. Tangu hapo ni gia nzito tu, nasukuma kidogo, narudi nyuma, nasukuma tena. Sisukumi nimesimama huku injini inalia.

Na breki pia. Kwa chura anayekata kona kwa kufunga breki upande mmoja, kugeuka huku kijiko kimejaa ni kuchemsha breki, kwa sababu pua imekandamizwa chini haitaki kuteleza pembeni. Mwaga kwanza, geuka baadaye. Ukishindwa, rudi kinyumenyume.

Mwisho, umefunga mikono kwenye nini? Kama ni kwenye boksi la plastiki nitalia.

---

#13 TopeMagotini

Kwenye fremu, mkuu, bolti 4 zimepita kwenye plastiki hadi kwenye chuma. Nimepaka gundi ya silikoni.

---

#14 FundiCheni

Ziko juu au chini ya mstari wa maji?

---

#15 TopeMagotini

Mbili ziko chini.

---

#16 FundiCheni

Basi yale maji hayakupita ukingoni peke yake. Plastiki hiyo ni poliethilini, silikoni haishiki juu yake, inakaa kama pambo. Tundu lolote chini ya maji liwekee washa pana ya raba pande zote mbili na bati nyuma yake, au bora uchomelee mabano yapite juu ya ukingo, usitoboe kabisa. Mzigo wa kijiko unatikisa bolti kila siku, tundu linakuwa yai.

---

#17 Mzani

Turudi kwenye swali la kwanza la mleta uzi, chuma nyuma. Nchi kavu kinasaidia. Kilo 60 zikiwa meta 1.6 nyuma ya ekseli ya mbele zinaleta 96 kwenye bembea, mzigo wa kupindua unapanda kutoka 326 hadi 422. Safi. Sasa ingia majini. Kila meta ya mraba ya tumbo la chura, kilo 10 zinamzamisha sentimita 1. Tuseme tumbo lako ni meta 2 za mraba. Mikono kilo 90, chuma kilo 60, jumla 150: sentimita 7.5 zaidi, kabla hujapanda wewe, mafuta na matope ya buti. Pima ukingo wako wa chini kabisa uko juu ya maji kiasi gani, ndipo uamue.

Ushauri wangu: badala ya chuma, funga madumu mawili ya lita 30 nyuma. Ukifika kwenye kazi, yajaze maji ya bwawa. Ukitaka kuelea, fungua koki, maji yatoke, dumu tupu lililofungwa vizuri linakusaidia hata kuelea. Na mikono ya kijiko iwe ya pini mbili na koplingi (viungio vya paipu) za kuchomoa, uiache ufukweni. Chura mwenye kijiko asiogelee.

---

#18 TopeMagotini

Hii ya madumu nimeipenda kupita maelezo. Nilikuwa nimeshaanza kuuliza vyuma chakavu.

Sasa mkono wa kuchimbia, wakuu. Nimeona ile midogo ya kuvutwa yenye injini yake.

---

#19 GrisiNyeusi

Kuchimba ni kesi nyingine kabisa. Kijiko cha kupakia kinapambana na uzito wa udongo. Mkono wa kuchimbia unapambana na ardhi yenyewe, na ardhi haina kilo. Ukivuta kwa nguvu ya kilo 500 kwenda kwako, ardhi inakuvuta kwa kilo 500 kwenda kwake. Atakayesogea ni aliye mwepesi.

Ndiyo maana mashine za kuchimba zina miguu ya kuegemea. Juu ya tairi za psi 3 utakuwa unachimba ukiwa ndani ya mtumbwi: kila ukikandamiza, chura anapanda, kila ukivuta, anakuja. Miguu inamnyanyua, tairi hazibebi tena. Lakini kwenye tope mguu nao unazama, kwa hiyo uuwekee sahani pana chini. Sasa hesabu: mkono, miguu miwili, silinda nne au tano, valvu, mafuta. Ile midogo ya kuvutwa kwa kawaida inafika kilo 400 na zaidi. Chura wako mzima, bila wewe, ni kama 450.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni hapana. Si uzito wa kusawazisha, ni chura wa pili mgongoni.

Unaweza kuivuta nyuma kama tela hadi ukingoni, ikasimama kwenye miguu yake na kuchimba kwa injini yake. Hapo chura ni punda tu. Inafanya kazi, mradi ukingo ni mgumu.

---

#20 FundiCheni

Au koleo la kukokota. Winchi unayo. Tengeneza kijiko kizito chenye mdomo wazi na mishikio miwili nyuma, mtu anakishika kama jembe la ng'ombe, winchi inavuta, kinajaa tope kikija ukingoni. Udongo haubebwi na chura hata kidogo.

Chura mwenyewe umfunge kwa cheni kwenye mti au nguzo iliyozama, maana winchi itamvuta yeye majini badala ya kijiko kuja kwake. Hilo limewahi kunitokea, nikamwona anaondoka taratibu bila dereva. Mfunge kwenye fremu, si kwenye bampa.

Na kumbuka nguvu iliyoandikwa kwenye winchi ni ya kamba ikiwa imebaki mzunguko wa kwanza kwenye ngoma. Kadiri kamba inavyojikunja juu ya nyenzake, nguvu inapungua. Ukipungukiwa, pitisha kamba kwenye puli iliyofungwa kwenye kijiko, urudishe ncha kwenye mti. Nguvu inakaribia mara mbili, mwendo unabaki nusu. Asimame mtu mbali na mstari wa kamba.

---

#21 Msafiri wa Tairi

"Nikamwona anaondoka taratibu bila dereva." Uzi huu una watu.

---

#22 Bwana Gavana

Hii ya koleo la kukokota nanyoosha mikono. Ndiyo ya kwanza humu inayotumia uwezo wa chura badala ya kupigana nao. Mleta uzi, usisahau kwamba ukiwa na haidroliki karibu na samaki, mafuta yanayooza yenye asili ya mimea yapo. Uliza kwanza kama sili (raba za kuzuia kuvuja) za pampu yako zinayakubali.

---

#23 TopeMagotini

Mrejesho, wakuu. Kijiko nimekikata, sasa ni lita 75. Valvu nimeishusha hadi baa 85. Madumu mawili nyuma yana koki. Tundu mbili za chini nimeziziba kwa raba na bati, mabano mapya yanapita juu ya ukingo. Jana nimezoa mfinyanzi uleule, mkia haukutikisika. Nilipojaribu makusudi kujaza kwa kilima, pampu ikalia, kijiko hakikupanda. Nilifurahi kuliko siku ile ya kwanza.

Mkono wa kuchimbia nimeuacha. Nachomelea koleo la kukokota, upana sentimita 80. Swali moja limebaki: niweke meno au mdomo uwe mnyoofu?

---

#24 FundiCheni

Tope tupu, mdomo mnyoofu. Kama kuna mizizi ya matete, meno, lakini ya kufunga kwa bolti ili uyatoe. Na upana sentimita 80 ni mkubwa kwa winchi yako. Anza na 50. Wewe na vijiko vikubwa!